Kadi Zisizokatwa

"Na kitu ambacho mtu hakukisema, unakikatia wapi?"

Aliyeniuliza alikuwa mpiga taipu wa ofisi yetu mjini Tabora, mwanamke wa mtaa wa Mtendeni mwenye umri wa kunizaa. Aliuliza huku akicheka, ameishika kadi yangu moja na kuigeuzageuza kama mtu anayekagua noti asiyoiamini. Siku zile nilikuwa na jibu la karibu kila kitu, na pale nilipokosa jibu nilikuwa na swali kali zaidi la kumrudishia mtu, lakini lile lilinipita. Nilimwomba tu anirudishie kadi yangu asije akaichafua kwa wino wa taipureta.

Nieleze kwanza hizo kadi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Dar es Salaam na kupangiwa kazi nyumbani, katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulika na mambo ya vijiji. Nilikaa na wazazi kwenye kota za reli. Chuoni tulikuwa tumezoea kubishana juu ya kila kitu, tangu bei ya pamba hadi kama Mungu ni mkulima au ni bepari, na nilirudi na tabia hiyo kama mtu anayerudi na malaria. Mkutanoni mtu akisema wananchi wamehamasika, mimi nilitaka kujua ni wananchi gani, na ni nani aliyewauliza. Wenzangu walianza kuacha kiti kitupu kati yao na mimi.

Lakini sikuwa nawatilia shaka wengine tu. Nilikuwa sijiamini hata mimi. Niligundua kwamba nikiandika taarifa, naandika nilichotaka kukikumbuka. Madaftari yangu yalijaa maneno ya watu, lakini jambo likishaingia humo lilizama. Nikitaka kujua nani aliniambia nini kuhusu maji, ilinibidi nifunue daftari zima, na katikati ya kufunua nilichoka, nikaamua kuandika tu kile nilichodhani niliambiwa. Hivyo ndivyo taarifa za ofisi zote zilivyokuwa zikiandikwa, naamini. Mimi nilitaka njia ambayo ingenikatalia kusema uongo hata nikitaka.

Jaribio la kwanza lilikuwa maboksi ya viatu. Nilikata karatasi vipande vipande, kila kipande jambo moja, nikakitia katika boksi lake: maji, mashamba, shule, barabara. Halikudumu. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa na kisima nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kilichokuwa kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi waliipita na pembe za ndovu na vitambaa kati ya pwani na Ujiji. Kisima kile hakikukauka hata kiangazi. Sasa kipande chenye habari za kisima hicho niweke wapi? Ni maji. Lakini pia ni kazi ya wanawake, kwa sababu ndio waliochota. Na ni mambo ya kale, kwa sababu kilichimbwa kwa ajili ya misafara. Nilinakili kipande mara tatu, nikakitia katika maboksi matatu, kisha nikasahihisha kimoja na kusahau vingine. Uongo ukarudi kwa mlango wa nyuma.

Nikakumbuka mwalimu mmoja mgeni niliyemwona chuoni akichambua kadi zenye matundu. Sikuwahi kumwuliza zinafanyaje kazi, kwa hiyo nilikaa na kuzibuni upya mwenyewe, nikikosea njiani.

Nilihitaji kadi ngumu. Nilikwenda mtaa wa Kanyenye kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa. Majora ya vitambaa yalikuja yamezungushiwa ubao wa kadibodi, na enzi zile duka lake lilikuwa na kadibodi nyingi kuliko vitambaa.

"Dada," aliniambia, "watu wote wanakuja hapa kutafuta nguo. Wewe peke yako unatafuta mfupa wake."

"Unauza bei gani?"

"Kitambaa ningekuuzia. Mfupa chukua. Siku nguo zikija, ukumbuke nilikuwa mtu mzuri."

Nilizikata kadi kwenye meza ya chakula. Baba alinitazama kwa muda mrefu kutoka kwenye kiti chake.

"Mama yake," alimwita mama bila kuniondolea macho, "njoo uone. Serikali imemsomesha huyu mpaka chuo kikuu, amerudi anakata maboksi."

"Muache akate," mama alijibu kutoka uani. "Akimaliza huenda atatafuta mume."

Pembezoni mwa kila kadi nilitoboa matundu kwa panchi ya ofisi, safu moja juu, safu moja chini, mahali palepale katika kila kadi. Kila tundu nililipa maana yake. Moja lilikuwa maji, jingine mashamba, jingine afya, na kuendelea. Katikati ya kadi niliandika jambo moja tu, pamoja na nani alilisema na wapi. Kama jambo hilo lilihusu maji, nilichukua mkasi nikalikata tundu la maji mpaka ukingoni, likawa mwanya. Kama lilihusu pia kazi ya wanawake, nilikata na tundu la wanawake. Kisha nilipotaka habari zote za maji, nilizipanga kadi zote pamoja kama karata, nikapitisha spoku ya baiskeli katika tundu la maji, nikanyanyua na kutikisa. Kadi zilizokatwa pale hazikuwa na kitu cha kuzishika. Zilianguka mkekani. Zisizokatwa zilibaki zikining'inia kwenye spoku.

Sijui kama ninaweza kueleza furaha ya mara ya kwanza. Kadi ya kisima cha mama mkubwa ilianguka nilipouliza maji. Nikairudisha, nikauliza wanawake, ikaanguka tena. Kadi ileile, mwandiko uleule, sahihisho moja. Nilikuwa sijaamini kitu chochote kwa miaka kadhaa, na pale juu ya mkeka wa mama nikaanza kuamini waya wa baiskeli.

Kuandika taarifa kukawa kazi ya mikono. Niliangusha kadi za jambo ninalolitaka, nikazitandaza chini, nikazihamisha huku na huku mpaka moja ikaelekea nyingine. Niliziandikia namba kwa penseli, nikaenda nazo ofisini, mpiga taipu akazipiga moja baada ya nyingine. Taarifa ya kwanza niliyoiandika hivyo ilihusu zahanati. Mkuu wetu wa idara, mtu mpole mwenye kitambi na macho ya kuchoka, aliisoma amesimama.

"Hii inasomeka kama imeandikwa na mtu mmoja," alisema.

"Imeandikwa na mtu mmoja, mzee."

"Ndiyo nasema. Za wengine zinasomeka kama zimeandikwa na kamati iliyogombana."

Tangu siku hiyo ofisi nzima ikanitania. "Leo umefuma nini?" walikuwa wakiniuliza nikiingia na spoku yangu. "Sweta au soksi?"

Kisha ukaja wakati wa watu kuhamishiwa vijijini.

Kwa wasiokumbuka, agizo lilikuwa kwamba watu waliotawanyika maporini na kwenye vijiji vidogo wakusanywe waishi pamoja, karibu na shule, zahanati na barabara. Chuoni nilikuwa nimelitetea wazo hilo na nimelipinga pia, wakati mwingine katika wiki moja. Sasa lilikuwa na malori. Yaleyale yaliyokuwa yamebeba wakimbizi na mizigo yao kwenda makazi yao ya Ulyankulu, watu walisema, ndiyo yangekuja kubeba wenyeji.

Upande wa kwa mama mkubwa jambo lilikuwa halijaamuliwa. Palitakiwa kijiji kimoja kikubwa, na palikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Moja ilikuwa kijiji chao chenyewe, penye kisima na miembe iliyopandwa enzi za misafara. Wengine wangeletwa pale. Ya pili ilikuwa uwanda kando ya barabara ya malori, ardhi nyeusi isiyokuwa na nyumba hata moja. Mkuu wetu alitakiwa kupeleka taarifa juu ya maji, udongo na maoni ya watu. Akanipa mimi.

"Wewe na spoku yako," alisema. "Nenda kawasikilize."

Sikumwambia kwamba mmoja wa wale watu alikuwa mama mkubwa. Huenda alijua. Nilichokijua mimi ni kwamba mama mkubwa alikuwa mjane, kwamba mumewe amezikwa hatua chache kutoka kisimani, na kwamba siku moja, nikiwa bado chuoni, aliwahi kumwambia mama kwa Kinyamwezi kuwa hatalala mahali asipoweza kusikia ndoo ikigusa maji. Nilitaka abaki. Na kwa mara ya kwanza tangu niingie kazini, nilikuwa na chombo ambacho hakikuweza kupindishwa. Nilitoboa matundu mapya mawili kwenye sehemu iliyobaki ya ukingo wa chini: moja la waliokubali kuhama, moja la waliokataa.

Nilikwenda kwa baiskeli, kwa siku nyingi, nyumba kwa nyumba. Udongo na maji havikunipa taabu. Niliandika kina cha visima, niliandika mazao, niliandika kwamba uwanda ule wa barabarani hujaa maji masika na hupasuka kiangazi. Kadi zikajaa.

Taabu ilikuwa maoni.

Nilikaribishwa vizuri kila mahali. "Mwangaluka," niliwasalimu kwa Kinyamwezi changu cha kota za reli, wakacheka, wakaitikia. Wazee niliwapa shikamoo. Kiti kikaletwa. Nilieleza nilichokuja kuuliza, nikatoa kadi, nikashika kalamu. "Mnaonaje? Mko tayari kuhamia barabarani, au hamko tayari?"

Wakanyamaza. Si kimya cha hasira. Waliitazama kadi, wakatazama uwanja, mtu akasema mvua za mwaka huu zimechelewa. Mwingine akauliza kama baba bado yuko reli. Niliuliza tena, kwa maneno mengine. Kisha mama wa nyumba akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha karanga mbichi, akanimiminia kwenye kikapu changu.

"Ukakaange kwako," alisema.

Wakanisindikiza mpaka njiapanda, tukaagana. Nyumba ya pili vilevile. Na ya baada ya hiyo. Wachache sana ndio walionipikia. Mmoja alikuwa balozi wa nyumba kumi, ambaye alisema ndiyo kabla sijamaliza swali, mkewe akatuletea ugali na kuku. Nilikata tundu la waliokubali nikiwa bado natafuna.

Jioni nilirudi mjini kikapu kikiwa kizito kuliko mkoba wa kadi. Ofisini mpiga taipu aliwasha jiko la chai, akakaanga karanga kwenye kikaango alichokileta kutoka kwake, na idara nzima ikala kwa wiki kadhaa.

"Watu wa huko wanakupenda, mwanangu," aliniambia, vidole vimejaa maganda. "Nenda tena Jumatatu. Zikiisha hizi nitagoma."

"Wananipenda lakini hawanijibu."

Ndipo alipochukua kadi moja, yenye jina la nyumba tu, ambayo haikukatwa popote upande wa maoni, akaniuliza kitu ambacho mtu hakukisema nakikatia wapi.

Kwa mama mkubwa nilikwenda mwisho. Nilijidanganya kwamba ni kwa sababu nyumba yake iko mwisho wa njia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimtunza, kama mtu anavyoitunza nyama mpaka mwisho wa sahani. Yeye angesema hapana. Mama mkubwa alisema hapana kwa kila mtu, hata kwa padri. Nilikuwa na mkasi tayari.

Nilimkuta uani akipika matobolwa na karanga, viazi vile vilivyokaushwa, chakula nilichokipenda tangu utotoni, wakati wa likizo. Sikuwahi kuondoka katika nyumba ile bila kushiba. Ilikuwa ni ugomvi kati yake na mama: mama alisema ananinenepesha, yeye alisema mjini tunalishwa hewa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Kaa, karibu kinaiva."

Nilikaa. Tulizungumza habari za nyumbani. Aliniuliza kama baba amepunguza sigara. Chungu kilichemka, harufu ikanijia, nikaona nimalize kazi kwanza ili tule kwa raha. Nikatoa kadi.

"Mama mkubwa, leo nimekuja na kazi pia."

"Nimesikia. Umezunguka kijiji kizima."

"Basi na wewe nikuulize kama nilivyowauliza wenzio. Serikali inataka kujua kama uko tayari kuhamia kule barabarani."

Alinitazama usoni. Kisha akaitazama kadi, na mkono wangu ulioshika kalamu. Sikuwa nimewahi kutazamwa naye namna ile, kama anajaribu kukumbuka aliniona wapi.

Akainuka. Alichukua vitambaa viwili, akakishika chungu, akakiepua motoni na kukiweka kando, kikiwa kimefunikwa. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na karanga mbichi katika kipande cha kanga, amezifunga fundo.

"Ukakaange kwako," alisema.

Nilidhani ni utani. "Na matobolwa?"

"Jua linazama mapema siku hizi. Twende nikusindikize."

"Mama mkubwa, hujanijibu."

"Twende, mwanangu."

Tulitembea mpaka njiapanda, yeye mbele, mimi nikisukuma baiskeli. Pale aligeuka akarudi. Nilibaki nimesimama na karanga mkononi, na njaa, na machozi ambayo sikuyaelewa. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye shahada, nalia njiani kwa sababu nimenyimwa viazi. Kadi yake niliirudisha mkobani kama nilivyoitoa.

Siku ya kuandika taarifa nilitandika mkeka, nikapanga kadi zote. Maji: zilianguka nyingi, kijiji cha miembe kikashinda bila ubishi. Udongo: vilevile. Nilifurahi. Kisha nikapitisha spoku katika tundu la waliokubali. Zikaanguka chache, ya balozi ikiwa juu. Nikapitisha katika tundu la waliokataa, nikanyanyua, nikatikisa.

Haikuanguka hata moja. Zilibaki zote zikining'inia, zikigongana taratibu.

Niliandika ukweli huo kama ulivyo. Niliandika kwamba maji yako kwenye kijiji cha zamani, kwamba uwanda haufai, kwamba wachache wamekubali, na kwamba walio wengi hawakutoa jibu. Mkuu alisoma, safari hii ameketi. Alichukua kalamu nyekundu akakata sentensi ya mwisho.

"Mzee, hiyo ndiyo muhimu kuliko zote."

"‘Hawakutoa jibu’ si maoni, dada. Juu hawataniuliza nani hakusema. Wataniuliza nani amekataa." Aliniangalia kwa upole. "Ulikuwa na tundu la kukataa?"

"Nilikuwa nalo."

"Nani ameanguka?"

"Hakuna."

"Basi." Akaandika pembeni: hakuna pingamizi.

"Lakini hawataki kuhama. Ninajua hawataki."

"Umejuaje?"

Swali langu mwenyewe. Nililokuwa nikiwauliza wengine mikutanoni mpaka wakaacha kiti kitupu kando yangu. Sikuwa na kadi ya kumwonyesha.

"Mtu asiyetaka kuhama anapiga kelele," aliendelea. "Upande wa pili wa reli wamepiga kelele. Mwenyekiti wao amekuja hapa na wazee, wamekataa waziwazi, tumeandika."

"Na wao watabaki?"

"Wao wanahama wiki ijayo." Akafunga jalada. "Lakini angalau kwao tunajua."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna kila nilichohitaji kujua kuhusu kazi yangu, na nilikuwa nimechelewa kulisikia. Barabara ilikuwa kando ya uwanda. Malori yalifika kwenye uwanda. Kisima cha mama mkubwa kilikuwa mahali ambapo lori lisingefika masika. Hilo halikuhitaji kadi.

Walihamishwa kiangazi. Sikwenda kuona. Mama alikwenda, akarudi ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema mapaa yaling'olewa ili watu wasirudi. Alisema mama mkubwa alibeba mlango wake kichwani, akakataa kuuweka kwenye lori, akatembea nao njia nzima. Baba aliuliza kwa nini atembee na lori lipo. Mama akaenda kuoga.

Spoku niliirudisha kwa fundi baiskeli. Kadi niliziacha ofisini kwenye boksi nilipoacha kazi mwaka uliofuata, na sikurudi kuzifuata. Mpiga taipu alinisindikiza mpaka nje. "Usinune," aliniambia. "Ulifanya kitu kizuri. Hakuna taarifa niliyowahi kuipiga kwa urahisi kama zako." Nadhani alitaka kunifariji.

Kijiji kipya nilikitembelea masika yaliyofuata. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kama matundu yangu. Uwanda ulikuwa umejaa maji kama nilivyoandika, na maji hayo hayakunyweka. Wanawake walikuwa wakivuka matope kwenda kuchota mbali. Mama mkubwa nilimkuta kwenye kibanda cha miti, mlango wake mzuri wa zamani umefungwa kwenye fremu isiyoutosha. Alifurahi kuniona. Alipika matobolwa. Nilikula mpaka nikaona haya, naye akanitazama nikila, akaniongezea.

Nilipomaliza nikajipa moyo. "Mama mkubwa, siku ile kwa nini uliniacha niondoke na njaa?"

Alikuwa anakusanya vyombo. "Siku ile ulikuja kuomba kitu," alisema.

"Kuomba nini? Niliuliza tu."

"Leo umekuja kula," alisema, akaenda kuosha sahani kwa maji kidogo sana.

Sikuelewa, na yeye hakuwa mtu wa kurudia maneno. Alifariki akiwa bado anakaa pale barabarani. Tulimzika pale pale, mbali na mumewe, kwa sababu njia ya kwenda kwenye miembe ilikuwa imejaa maji. Kisima, waliniambia baadaye, kilikanyagwa na ng'ombe mpaka kikafukiwa, majani yakakifunika.

Miaka mingi ilipita. Nilizeeka kiasi cha kuitwa kwenye shughuli za ukoo kama mtu mzima anayestahili kiti, na ndivyo nilivyojikuta nimekaa na wanawake katika nyumba moja ya watu wa upande ule wa kwa mama mkubwa, siku walipokuja wajumbe kumposa binti wa ndugu yetu. Wajumbe walieleza haja yao vizuri. Wazee wakasikiliza, wakazungumzia mvua. Kisha shangazi wa binti akainuka, akaingia ndani, akarudi na karanga mbichi, akawamiminia wajumbe kwenye mfuko wao. Wale wanaume wakashukuru, wakasimama, wakasindikizwa mpaka barabarani. Hakuna aliyebishana.

"Mbona wanaondoka?" nilimwuliza mwanamke aliyekaa karibu yangu. "Hawajajibiwa."

Alinishangaa, umri wangu wote ule, na kunieleza kama anavyoelezwa mtoto. Upande wa kwao mtu hamwambii mgeni hapana akiwa uani pake. Aliyekubaliwa ombi lake hupikiwa akala palepale. Aliyekataliwa hupewa karanga mbichi, akakaange kwake.